Pini Ngumu ya Nyamwage

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimesimama kwenye tope la Nyamwage, mikono imejaa grisi, na Mzee Kisoma, tajiri wetu, alikuwa ameniuliza jambo ambalo jibu lake nililijua vizuri kuliko yeye. Lori letu, lililokuwa la jeshi likauzwa mnadani, mbele lilikuwa na winchi ya kuvutia kwa waya wa chuma, na kati ya winchi na injini palikuwa na pini moja ndogo ya chuma laini, nene kama kidole cha mtoto. Mzigo ukizidi, pini hukatika, winchi huacha kuvuta, na waya haukazwi tena. Waliolitengeneza lori walitaka iwe hivyo: ife pini, upone waya, na wapone watu waliosimama karibu na waya. Lakini pini zetu zilikuwa zikikatika kila siku, na kila ikikatika tulipoteza muda kuweka nyingine huku madereva wakitucheka. Mzee Kisoma akauliza kama siwezi kutengeneza pini ya chuma kigumu, isiyokatika. Nikasema, "Inawezekana, tajiri." Hakunilazimisha. Hakupandisha hata sauti. Neno lilinitoka jepesi, kama mtu anayeitikia hodi.

Rafiki yangu Salumu Mbonde tumemzika mwaka huu, na tangu nirudi kutoka mazikoni sijakaa mahali nikatulia. Naamka alfajiri kabla ya adhana, nazunguka uani, nafungua kisanduku cha spana nisizotumia tena, nakifunga. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wajukuu wameninunulia redio ili nikae, nami nasikiliza habari nusu, naondoka. Basi naandika habari za mwaka ule mmoja. Ukoo wangu na utoto wangu havimo humu, maana havikunifundisha kitu ambacho mwaka ule haukunifundisha kwa ukali zaidi.

Gereji ya Mzee Kisoma ilikuwa Kibiti, nyuma ya maduka, upande wa barabara iendayo kusini. Ilikuwa na banda la makuti, shimo la kushukia chini ya gari, na meza ya mbao iliyolowa mafuta hata panya hawakuitafuna. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikutaka kulima bondeni, wala sikutaka ualimu. Nilichokitaka hasa sikukijua, ila nilijua kwamba kila lori lililopita likielekea Dar es Salaam lilikuwa linaniacha. Mzee Kisoma alipokuja na malori mawili ya jeshi na jenereta moja, mji mzima ulitoka kutazama. Yalikuwa ya kijani, marefu, yenye tairi pana, na ndani yalinuka turubai na dizeli ya zamani. Raia haruhusiwi kutembea na rangi ya jeshi, kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuyapaka upya, na Salumu ndiye aliyechagua bluu. Alikuwa utingo, Mmatumbi mrefu kutoka milimani huko kusini, mkubwa kwangu kidogo kwa umri, na hakuweza kufanya kazi bila kusema.

"Fundi Mfaume," aliniambia siku ya kwanza, brashi mkononi, "wewe uliyesoma, hebu niambie. Lori hili lilipigana vita gani?"

"Halikupigana popote. Lilikuwa linabeba maharage ya askari."

"Ahaa! Ndiyo maana linanguruma hivyo kwa nyuma."

Tulicheka mpaka Mzee Kisoma akatoka dukani kuja kuona kilichovunjika. Tangu siku hiyo tukawa watu wa sahani moja. Mimi kwake nilikuwa samaki wa tope, kwa sababu ni Mndengereko. Yeye kwangu alikuwa mtu wa milimani anayeogopa maji yanayozidi ndoo. Tuliambiana maneno ambayo mtu mwingine angeyasema yangeleta ngumi.

Miezi ile ya kiangazi tuliyafanyia kazi malori yale bila kupumzika. Tuliondoa mabano ya turubai, tukaongeza majani ya springi nyuma, tukabadilisha waya zote za taa zilizoliwa na panya wa kambini. Jenereta lilikuja likiwa juu ya kigari chake chenye tairi mbili. Tulilishusha, tukalifunga juu ya lori la kwanza, chini yake tukiweka vipande vya tairi kuukuu ili lisivunje chesesi kwa mtikisiko, na bomba la moshi tukaligeuza, maana mara ya kwanza kuliwasha moshi wote uliingia kwenye kabini tukatoka macho yametuiva. Lilikuwa limezoea hewa safi. Kwetu lilivuta vumbi, likakohoa, likazimika. Nikakata sponji ya godoro, nikailoweka mafuta, nikaifunga mdomoni pake, nalo likanguruma siku nzima. Mzee Kisoma alinipiga begani mbele ya watu. "Huyu ana akili ya mashine," alisema. Sikusahau. Ningefanya chochote niambiwe vile tena.

Nia yake ilikuwa masika. Siku zile hapakuwa na daraja Rufiji wala lami upande wa kusini, na mvua ikinyesha, barabara ya Nyamwage ilikuwa inameza malori mpaka kwenye milango. Lori lenye winchi ya kuvuta na jenereta la kuchomelea lingekaa huko msimu wote, likiwatoa watu matopeni na kuwaungia vilivyovunjika. Tukalivusha kwa kivuko kabla mto haujafura. Kabla ya kuondoka nilisoma kile kibao cha bati kilichopigiliwa kwenye winchi, kwa Kiingereza, na nikamfasiria Salumu: pini iwe ya chuma laini, isibadilishwe. Akaitikia kwa kichwa. Tukakata pini za akiba kutoka kwenye nondo, tukazijaza kwenye kopo la maziwa.

Nyamwage tulipanga chumba kwa Bi Zuwena, mjane aliyepikia madereva. Ukuta wa udongo ulitutenga na jiko lake, na kila lililosemwa jikoni tulilisikia tukiwa tumelala kwenye vitanda vya kamba, nguo zetu mbichi zikining'inia juu yetu bila kukauka. Asubuhi palikuwa na chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Mchana, ugali na kambale mkavu aliyepikwa kwa nazi, au kunde, lori la samaki likikwama mbali. Siku moja ya mvua nilimsikia Bi Zuwena akizungumza na jirani yake huku wakitwanga.

"Yule mrefu ana adabu. Akila anashukuru, akimaliza anaosha sahani yake."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu hatulii, shoga. Anakula huku anatazama mlango. Nampa chai, anaiacha nusu. Mtu wa hivyo hata akipewa mke, atakaa naye amesimama."

Salumu alijifunika shuka usoni, anacheka mpaka kitanda kinalia. Mimi nilikasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilihesabu kila lori linalopita kama safari niliyonyimwa. Mzee Kisoma alikuwa ameniahidi kwamba msimu ukienda vizuri, lori la pili litakuwa mikononi mwangu, niendeshe na kulisimamia mwenyewe, na tayari kichwani mwangu nilikuwa nimelipeleka Mtwara, Songea, na kwingine nilikokuona kwenye ramani tu. Ila msimu haukuwa unaenda vizuri. Tope lilikuwa zito, malori yamebebeshwa kupita kiasi, na pini zikawa zinakatika moja baada ya nyingine. Tak! Unausikia mlio huo, winchi inanyamaza, nami nashuka na spana kwenye tope la magotini.

"Hilo ni lori la jeshi au la bibi harusi?" dereva mmoja wa korosho alitupigia kelele kutoka kwenye kabini yake. "Likivuta kidogo linataka kupumzishwa!"

"Jeshi halikuliuza," mwenzake akadakia. "Lilifukuzwa!"

Salumu aliwajibu kwa mizaha, akawaambia hata mama zao walipumzika wakati wa kuwazaa. Yeye pini ikikatika haikumsumbua. Kwa kweli aliitegemea. Kazi yake ilikuwa kufunga ndoano, kisha kutandaza gunia lililolowa juu ya waya, ili ukikatika gunia liuangushe chini usiruke. Waya ulipokaza, gunia liliteleza, naye alikwenda kulirudisha, mara nyingine akiuvuka waya kwa mguu mmoja huku na mwingine huko. Nilimkemea mara kadhaa. Alikuwa ananijibu, "Naisikia, Mfaume. Ikielemewa, pini itatangulia. Mimi na pini tunaelewana." Na alisema kweli. Alikuwa amejifunza kusikiliza winchi ikiugua kabla ya kukata pini, na hakukosea hata mara moja.

Ndipo Mzee Kisoma alipokuja. Kivuko kilikuwa kimesimama kwa ajili ya maji, akavuka kwa mtumbwi, akaomba lifti mpaka kwetu, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Alitutazama tukivuta lori moja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alipouliza kuhusu pini ngumu, Salumu alikuwa ametumwa kutafuta dizeli. Nikajibu nilivyojibu. Nikachukua kipande cha ekseli iliyovunjika, nikawasha jenereta, nikakisaga kwa grenda mpaka cheche zikaruka hadi mlangoni kwa Bi Zuwena, naye akapiga kelele kwamba nitamchomea makuti. Chuma kile kilikataa tupa. Nilipoipachika ile pini mahali pake, ilikaa sawa kabisa, na Mzee Kisoma akanipiga tena begani. "Lori la pili," alisema, "lishaanza kukujua jina."

Salumu aliporudi, akainama kutazama. "Mbona inang'aa hivi?"

"Mpya," nikasema.

"Mpya ya nondo ile ile?"

"Sasa ya nini? Ya dhahabu?"

Akacheka, akaenda kujaza dizeli. Nilikuwa najua kwamba nikimwambia atakataa kuukaribia waya, na habari itamfikia tajiri kwamba utingo ameogopa kazi ya Mfaume. Basi nikanyamaza. Kumdanganya kulinichukua muda mfupi kuliko kufunga nati.

Yaliyofuata yalikuwa majuma mazuri kuliko yote ya ujana wangu, na hilo pia sijaweza kulisahau. Winchi ilivuta kila kitu. Madereva waliotucheka walianza kutuita kwa majina, wakatuletea chumvi na samaki wabichi, na yule wa korosho akaniita "kaka" mbele ya watu. Bi Zuwena alisema hata chai sasa naimaliza. Nilitembea kifua mbele, nikishindwa kukaa, safari hii kwa furaha. Waya nilikuwa nauona. Nyuzi zake zilianza kukatika moja moja na kusimama kama manyoya ya paka aliyekasirika, nami nilizipaka grisi ili zilale.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Lori la saruji lilikuwa limezama upande mmoja, na lilikuwa zito hata tairi zetu za mbele zilianza kuteleza kulifuata. Tulizizuia kwa magogo. Mimi nilikuwa kwenye kabini, mguu kwenye klachi, mkono kwenye gia ya winchi. Nilisikia winchi ikianza kuugua. Nilijua kwamba kwa pini ya zamani hapo ndipo ingekatika. Salumu naye alijua hivyo hivyo, kwa sikio lake. Nilimwona ameinua kichwa, anasikiliza, akingoja ule mlio. Gunia lilikuwa limeteleza mpaka chini. Akaenda kulirudisha. Akainua mguu kuvuka.

Sikufikia kukanyaga klachi. Waya ulikatika kwa sauti ambayo haikuwa ile tuliyoizoea, ukarudi, ukampiga chini ya goti. Dereva wa saruji ndiye aliyepiga kelele. Salumu mwenyewe hakulia. Alikaa tu kwenye tope, akilitazama gunia, kama mtu aliyeulizwa swali asilolitegemea.

Tulifunga mguu kwa khanga ya Bi Zuwena. Madereva wakampakia kwenye gari jepesi kuelekea mtoni, wakamvusha kwa mtumbwi. Mimi nilisema nabaki kuangalia lori. Ni uongo. Walipoondoka tu, nilifungua winchi, nikaitoa ile pini ngumu, nzima kabisa, haina hata alama, nikaitupa kwenye dimbwi nyuma ya nyumba, na mahali pake nikaweka pini ya nondo kutoka kwenye kopo la maziwa. Jioni wazee wa pale na madereva walikuja, wakauliza pini ipo. Nikawaonyesha. Mmoja akaigusa kwa kucha, akasema ni laini, ni yenyewe. Wakakubaliana kwamba waya ulikuwa umechoka na kijana alivuka mahali pasipovukwa. Mzee Kisoma alipofika aliitazama ile pini, akanitazama mimi. Hatukuzungumza jambo hilo mpaka alipokufa.

Salumu nilikwenda kumwona hospitalini baada ya mguu kukatwa. Wodi ilinuka dawa na uji. Nilimpelekea machungwa ya kwao, nikakaa pembeni ya kitanda, na kwa mara ya kwanza nikamkuta hana mzaha. Alikuwa anafikiri.

"Mfaume," aliniambia, "nimelala hapa naisikiliza tena. Iliugua, nikangoja. Pini haikukatika?"

"Haikukatika."

"Kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye dimbwi nyuma ya nyumba ya Bi Zuwena. "Labda mzigo haukufika kiwango chake," nikasema. "Waya ulichoka, na wewe ulikuwa umeuvuka. Nilikuwa nakukataza, ndugu yangu."

Kisha akanishika mkono, akasema, "Kweli, ulinikataza. Usijilaumu." Akamenya chungwa, akanigawia nusu, nami nikalila.

Lori la pili nilipewa. Nilifika Mtwara, nikafika Songea, na kokote nilikofika nilitaka kuondoka. Nililiacha, nikaingia gereji moja, nikatoka, nikaingia nyingine. Popote nilipopatana na mtu, akaanza kunizoea na kuniuliza habari za kwetu, nilifunga begi. Nilioa nikiwa nimechelewa, na mke wangu ni shahidi kwamba Bi Zuwena alitabiri sawa. Salumu yeye alikaa Nyamwage. Alifungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara, akaoa, akazaa, na kila kijana aliyeshika kazi ya utingo njia ile alipita kwake kwanza kufundishwa. Somo lake lilikuwa moja: waya ukikaza usiuvuke, na usijidai unaisikia mashine. Alikuwa anawapandishia suruali awaonyeshe mguu wake wa mti.

Mwaka jana alikuja Kibiti kwenye harusi ya mjukuu wangu. Alishuka kwenye bodaboda na fimbo yake, amevaa kanzu, akapiga kelele tangu mlangoni, "Yuko wapi samaki wa tope?" Walimweka kwenye mkeka pamoja na vijana, na sinia ya pilau ilipoletwa alianza kuwasimulia. Alisimulia vizuri, tope, saruji, gunia, mpaka vijana wakaacha kula. "Nilijiona naijua winchi," aliwaambia. "Ujinga. Huyu mzee mnayemwona hapa alinikataza, kwa mdomo wake, nami sikumsikiliza. Mguu wangu niliukata mimi mwenyewe." Kisha akanigeukia, mkono una wali. "Si kweli, Mfaume?"

Watu wote wakanitazama. Ningeweza kusema hapo. Alikuwa hai, ameshiba, amefurahi, na kati yetu palikuwa na sinia tu.

"Kweli," nikasema.

Kabla ya masika haya alikufa kwa maradhi ya kawaida ya uzee. Makaburini, baada ya kumfukia, mdogo wake alisimama akasema maneno ambayo husemwa kwa kila marehemu: anayemdai ajitokeze kwa familia, na aliyekosewa naye, kwa ubinadamu, amsamehe. Watu wakaitikia kwa pamoja kwamba wamemsamehe. Nami niliitikia. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikimsamehe Salumu Mbonde.

Nimefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba kosa kati ya mtu na mtu husamehewa na mwenyewe aliyekosewa, na Mungu humwachia yeye haki hiyo. Mwenyewe sasa hayupo. Mwanawe nimemwandikia yote haya, lakini yeye anaweza kusamehe la kwake tu. Pini ile ilimgharimu Salumu mguu wake. Mimi ilinigharimu rafiki mmoja tu niliyepata kuwa naye duniani. Nilimpoteza siku aliponigawia chungwa, nikaishi miaka yote iliyofuata nikimkimbia, na amekufa akiniamini.